Pikipiki Isiyo na Kiki

Mwanangu Ayikoru,

Usishangae kuona nimekuandikia nyuma ya karatasi za mizani. Ndizo zilizopo. Mvua inanyesha tangu saa sita, lori la kahawa tunalolisubiri limekwama mahali fulani njiani, na sisi wapakiaji tumekaa juu ya magunia tukitazama maji yakipita mlangoni. Wenzangu wanacheza karata. Nilipomwomba karani kalamu aliniuliza kama naandika wosia. Nikamwambia hapana, binti yangu anahama kesho.

Mama yako ameshakwambia habari za kufunga mlango, za mwenye nyumba, za kuchemsha maji na za jirani wa kumwangalia vizuri kabla ya kumkopesha sufuria. Amekwambia mara nyingi hata mimi nimeyakariri. Hayo nayaruka. Mimi nataka kusema habari ya pikipiki, kwa sababu wiki mbili hizi mimi na wewe tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja, na sitaki uondoke kwetu hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Unajua niliishia darasa la tano, na Kiswahili cha kambini, babu yako alipokuwa askari, ndiyo lugha pekee ninayoiandika bila kuogopa. Nikikosea, soma kile nilichotaka kusema.

Nianze na siku ile niliposafisha pikipiki yangu. Niliiosha mpaka kwenye spoki. Nilibadilisha plagi, nikashonesha kiti upya kwa yule fundi wa karibu na reli, nikaisimamisha mbele ya mlango ili uikute ukitoka chuoni. Nikasema, "Hii ni yako sasa. Ya kwendea kazini." Ukaizunguka polepole, ukagusa usukani, ukasema, "Baba, asante sana. Lakini nimeshachagua ya umeme."

Nilisema nini? Nilisema, "Ile blenda?"

Neno hilo si langu. Nililiiba kwa Wamala, mwenzangu wa hapa ghalani, ambaye kila pikipiki ya umeme ikipita getini huuliza nani anasaga juisi. Wewe hukucheka. Ulinieleza kwa upole kwamba utakuwa unatoka Mpererwe kwenda Gayaza kila asubuhi na kurudi kila jioni, na zamu ya maabara inaanza saa moja kamili, na huwezi kuwa unaamka mapema ili kuibembeleza pikipiki iwake kwa choki. Ulisema pia habari ya harufu ya petroli mikononi mwa mtu anayewatoa wagonjwa damu. Hesabu za matumizi sizirudii, ulinipigia mara kumi. Nami nikajibu kwamba umeme na mvua havikai pamoja, kwamba utapigwa shoti mbele ya watu, kwamba betri itakuishia porini. Nilisema mengi. Mtu asiyejua kitu husema mengi.

Siku ulipoileta nyumbani ukaniomba kitu kimoja tu. "Baba, panda nyuma. Nikuzungushe mara moja, halafu useme unavyotaka."

Nikasema baba hakai nyuma ya mtoto wake.

Hapo ndipo ulipokasirika, na hapo ndipo uliposema lile neno. Ulijishika mguu wa kulia, ukasema, "Hii yako ilishanipa alama moja, baba. Inanitosha." Ukaingia ndani.

Sasa nizungumze juu ya hiyo alama, kwa sababu hatujawahi. Ulikuwa darasa la kwanza. Niliwabeba watatu siku ile, wewe na watoto wawili wa jirani, na nilikuwa nimechelewa. Shuleni kwenu wale wawili wakateremka kushoto kama nilivyowafundisha, wewe ukateremka kulia, mguu ukalala kwenye ekzosi. Nakumbuka ile sauti. Ulilia, nami nikakwambia usilie, kila mtu Kampala anayo alama hiyo. Nikakupaka dawa ya meno niliyoiomba kwa mlinzi wa geti. Kisha nikaondoka, mwanangu. Nilimwaza msimamizi wangu, nikawasha, nikaenda kazini. Ulikaa darasani siku nzima na mguu ulioungua.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu hadithi hiyo kama kichekesho. Naiacha leo. Nilipaswa kukubeba, kukupeleka kliniki, na kumwacha msimamizi apige kelele zake. Kazi ile yenyewe ilikwisha baada ya muda mfupi, hata jina la msimamizi nimelisahau, lakini alama yako ipo.

Pengine unajiuliza kwa nini basi niliishikilia pikipiki ile kama ndugu. Nitakwambia, na sehemu hii mama yako akiisoma atasema naongeza chumvi. Siongezi.

Nilipokuja Kampala kutoka Arua nilikuwa nalala Kamwokya na kufanya kazi ya kubeba mizigo Kawempe. Pikipiki ile niliinunua ikiwa imeshatumika na watu wawili. Petroli nilikuwa nanunua kwa chupa, kidogo kidogo, na kama wanaume wote wa wakati ule nilikuwa na akili moja ya kuokoa mafuta: nikifika juu ya mteremko nazima injini, naiachia ishuke yenyewe. Kampala ni vilima vitupu, kwa hiyo nilijiona mtu mjanja, nusu ya safari nasafiri bure. Kutoka Mulago kushuka Kalerwe nilikuwa nateleza kama upepo, kimya, honi yenyewe hailii vizuri kwa sababu injini imezimwa.

Siku moja mwanamke mmoja alikuwa anavuka na beseni la nyanya kichwani. Hakunisikia. Angenisikiaje? Nilipiga kelele kwa mdomo, akaruka, mimi nikapita pembeni yake, na beseni likashuka barabarani.

Nilisimama. Yeye akaweka mikono kiunoni, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki.

"Ssebo," akasema, "hiyo pikipiki imekufa, au wewe ndiye umekufa?"

"Nilikuwa naokoa mafuta, nnyabo."

"Anaokoa mafuta!" Akawageukia wenzake wa sokoni. "Jamani njooni mumwone! Mafuta ameokoa, nyanya ameua!"

Soko zima likanicheka. Nilitaka kumlipa, sikuwa na kitu mfukoni. Akanivuta kwa shati mpaka kwenye meza yake, akanikalisha kwenye kreti, akasema nichague zilizo nzima upande huu, zilizopasuka upande ule, na zilizopasuka nitaziuza mimi mwenyewe kwa sauti yangu. Niliuza nyanya mpaka jua likazama. Luganda yangu ilikuwa mbovu, nilikuwa naita "nyanya za leo, zimepondwa tayari, kazi imepungua!" Wanawake wakanunua kwa kicheko tu. Zilipokwisha akanipa kikombe cha chai na chapati, akaniuliza kesho napita saa ngapi.

Kesho yake nilipita. Injini ilikuwa inawaka.

Ndiyo hivyo nilivyompata mama yako, na ndiyo maana chuma kile nimekipenda kuliko kinavyostahili. Na ndicho kilichompeleka mama yako Mulago siku uliyozaliwa, ingawa hapo pia kuna aibu. Tulikuwa katikati ya kilima mchana kweupe, uchungu umemshika, petroli ikaisha. Nilikuwa nimeweka kidogo kama kawaida yangu. Mama yako akateremka, akashika kiuno, akasema, "Wewe sukuma chuma chako, mimi nasukuma mtoto, tutaona nani anatangulia." Tulifika mlangoni pamoja. Ulikuja baada ya muda mfupi tu, ukilia kwa nguvu, nami nikakuita Ayikoru, furaha, kwa sababu sikuwa na neno lingine kinywani.

Kwa hiyo uliposema hutaki pikipiki yangu, nilisikia kama umenikataa mimi. Najua sasa si hivyo. Lakini mwanangu, sina shamba, sina kiwanja, nina mgongo unaouma na chuma hicho. Nilitaka uondoke na kitu changu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niombe kalamu.

Jumapili ile baada ya ugomvi wetu, wewe na mama yako mlikwenda misa. Mimi mtu wa Ijumaa nilibaki nyumbani, nikaitazama pikipiki yako pale ukutani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari. Nikasema leo nitathibitisha. Nikachukua jerikeni mbili za maji, nikaimwagia. Kiti, magurudumu, kioo kile cha namba, sikuacha mahali. Nilitaka igome. Nilitaka urudi kutoka kanisani uikute imekufa, nami nikae kwenye benchi langu niseme, si nilikwambia?

Nikazungusha ufunguo. Taa ikawaka, kama inaniamkia.

Nilisimama pale na jerikeni mkononi, Ayikoru, nikajisikia mjinga, na nikasikia kitu kingine pia. Nilitamani. Nikatazama huku na huku, nikapanda.

Sitakuficha. Niliipeleka taratibu mpaka relini, halafu nikaikunja kupanda Kisugu. Kilima kile unakijua. Yangu hulia hapo, natia gia ya kwanza, inatoa moshi, watu wananiangalia kwa huruma. Yako ilipanda kama mtu aliyetumwa chumvi dukani. Hakuna klachi, hakuna gia, mkono wa kushoto haukuwa na kazi, nikawa nautumia kusalimia watu. Nilisikia ndege. Miaka yote hii nimepanda kilima kile sikujua kwamba kuna ndege. Nilisikia mtu akigombana na mkewe ndani ya nyumba, nikasikia radio, nikajisikia mwenyewe nikicheka kwa sauti. Mzee mzima, shati limelowa maji ya jerikeni.

Kisha nikageuza, nikaanza kushuka. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukazima ufunguo.

Nilikuwa naokoa mafuta! Mafuta gani? Niliteleza mpaka chini kabisa, nikasimama mbele ya kibanda cha Mama Furaha, yule jirani yetu Mkongomani wa mihogo, anayeiita pikipiki "moto". Nikataka kuwasha. Nikatafuta kiki kwa mguu. Nikapiga teke hewani. Nikapiga tena. Mara ya tatu Mama Furaha akaweka mwiko wake chini.

"Baba Ayikoru, hiyo ni ngoma ya wapi?"

"Natafuta kiki."

"Hiyo moto haina kiki, muzee! Binti yako anazungushaga ufunguo tu, anaenda." Akacheka mpaka akashika meza. "Na hii ndiyo ile uliyosema itaua watu na shoti?"

Nikamwomba asikwambie. Akasema atanyamaza, lakini kila jioni nipite kununua muhogo kwake. Sasa umejua kwa nini nyumbani tumekula muhogo wa kukaanga wiki mbili mfululizo. Mama yako anadhani nimeanza uzee.

Kuna la pili la kukiri. Asubuhi yake uliwasha ukakuta betri imeshuka, ukaenda kwenye kituo cha kubadilishia ukamwambia yule dada wa pale kwamba amekupa betri mgonjwa. Ulirudi ukitueleza kwa hasira jinsi alivyobisha. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikainamisha uso kwenye kikombe. Dada yule hakukosea. Ukipita tena mwambie mgonjwa alikuwa baba yako.

Kwa hiyo wiki mbili hizi sikuwa na hasira nawe. Ilikuwa aibu. Kila nikitaka kusema nilikuwa naona nitaanzia kwenye jerikeni, nikanyamaza.

Lakini siku ile nikiirudisha nyumbani nilipata wazo, na nimekaa nalo tangu hapo. Nilidhani sina la kukufundisha juu ya chombo chako. Nimejua petroli, nimejua kusafisha plagi kwa kiberiti na kunyonya mrija wa mafuta mpaka mdomo unanuka. Yote hayo wewe huyahitaji. Kumbe kitu kimoja ninacho. Mimi nimeendesha pikipiki ya kimya miaka mingi kabla yako. Niliiendesha kwenye miteremko tu, lakini nimeiendesha, na najua inavyofanya kwa watu.

Kampala watu wanavuka kwa masikio. Wanaongea, wanatazama simu, wanatazama bei za vitu, na masikio ndiyo yanayowaambia boda inakuja. Na zaidi ya wote fikiria mtu kama mimi. Nikiwa na gunia kichwani shingo haigeuki. Sioni kushoto wala kulia, naona viatu vyangu na hatua tatu mbele. Kila ukija kututembelea utapita Kalerwe, na pale wapo mamia ya watu namna hiyo, matoke kichwani, kabichi kichwani, mabeseni. Wao ni vipofu wenye masikio, na wewe huna sauti. Usisubiri wakuone. Piga honi kabla ya kona, piga ukimkaribia mtu kwa nyuma, na punguza mwendo hata kama njia ni yako. Usione haya kupiga honi. Mimi niliona haya, nikajiona mjanja kupita bila kusikika, na nilikuwa na bahati kwamba beseni ndilo lililoanguka.

Na usiishi kwenye mafuta ya mwisho. Nimesema mafuta, ninataka kusema betri. Uliniambia vituo bado ni vichache ukishaanza kuelekea Gayaza, na nikafurahi kwamba ulinieleza ukweli, hukuisifia tu. Basi badilisha mapema, hata ikiwa bado inaweza kufika. Nimeishi maisha yangu yote kwenye tone la mwisho, la petroli na la mambo mengine. Mtu hujiona hodari kwa sababu amefika. Hajui amechoka kiasi gani kwa kuhesabu njia nzima.

Basi, hayo ndiyo mashauri yangu, na ni hayo tu. Mengine utayakosea mwenyewe, kwa namna yako, na utakuwa na hadithi zako.

Kuhusu chuma changu, mama yako anataka niuze. Nimemwambia nitaendelea nacho mpaka mmoja wetu agome kwanza. Sikuachii tena, usiwe na wasiwasi. Ulichagua vizuri. Ulikwenda, ukauliza, ukajaribu zote mbili, ya petroli na ya umeme, ukaandika kwenye daftari lako, ndipo ukaamua. Mimi ya kwangu niliichagua kwa sababu ilikuwa nyekundu. Leo asubuhi kabla ya mvua Wamala aliniuliza tena habari ya blenda. Nikamwambia, hiyo blenda imempandisha mtu Kisugu bila kushusha pumzi. Akauliza nani. Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana alianza kucheka kabla sijageuka.

Mvua inapungua. Msimamizi ametoka nje anatazama barabara, bila shaka lori limeonekana, na mkono huu ukishabeba hautaweza tena kuandika vizuri. Karatasi hizi nitazitia ndani ya kofia yako ya pikipiki. Utazikuta asubuhi ukitaka kuivaa.

Godoro na masufuria vitakwenda na gari ya mjomba wako. Wewe unakwenda na chombo chako, na najua umepanga kupitia mjini moja kwa moja. Nakuomba upitie huku Bugolobi kwanza, uniache kazini. Si mbali, hutachelewa. Usinishushe kule barabara kuu. Ingia mpaka getini, mahali Wamala na wote wanapokaa kusubiri kufunguliwa, usimame katikati yao kabisa. Nitateremka kushoto.

Sijui abiria hushika wapi. Hilo utanielekeza. Kofia nimeazima kwa jirani, inanibana masikio lakini inatosha.

Ukimaliza kusoma usiseme kitu, na usilie, mama yako ataanza naye. Toka tu nje. Utanikuta nimeshakaa nyuma.

Ni mimi baba yako,
na kesho abiria wako.